Rupia ya Mjerumani: ya tembo na ya kofia

UE inanukia lakini hili siliachi. Likizo iliyopita kule kwetu Masieda nilikuta mzee mmoja ametoa ng'ombe wawili apewe "rupia ya dhahabu ya Mjerumani". Ng'ombe wawili jamani! Ina kichwa cha Kaisari Wilhelm II mwenye kofia ya chuma, imepakwa njano. Kwa anayejua historia, hicho kichwa tu kinatosha kumaliza kesi.

Rupia za kofia ni za madini ya fedha. Zilianza 1890 chini ya kampuni ya Kijerumani, na mwaka 1904 zikaja za serikali yenyewe, rupia moja ikawa heller 100 badala ya pesa 64. Zote zilitengenezwa Ujerumani zikaja kwa meli. Zipo nyingi, na ya kawaida kwa wakusanyaji wa sarafu ni makumi ya dola tu. Ya dhahabu yenye kofia Mjerumani hakuitoa.

Ya dhahabu ni ya tembo. Vita ilipoanza 1914 Waingereza walifunga pwani, sarafu zikakata. Serikali ikachapa noti hapahapa, watu wakazikwepa (nani ataamini karatasi ya mtu anayekimbia?). Ndipo mwaka 1916 kule Tabora, kwenye karakana ya reli, wakapiga sarafu ya rupia 15, sawa na mark 20 za wakati ule. Dhahabu ilitoka Sekenke, Iramba, mkoa wa Singida tunaopakana nao. Zilitoka 16,198 tu, maana tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora na kazi ikaishia hapo.

Sasa itambue. Upande mmoja tembo kainua mkonga, nyuma yake milima, chini 1916 na herufi T, yaani Tabora. Upande wa pili tai, maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na 15 RUPIEN. Ukiona 1916 T kwenye heller 5 au 20 usishtuke, nazo zilipigwa Tabora, ila siyo dhahabu. Kisha nenda kwa sonara mwenye mzani mdogo: iwe na gramu 7.2 hivi, robo tatu yake ndiyo dhahabu halisi. Mwenye kuuza akikataa mzani, mwage.

Bei je? Dhahabu iliyomo ni kama gramu 5.4, hiyo ndiyo bei ya chini kabisa. Juu ya hapo mnadani Ulaya au Marekani hufika maelfu ya dola, ikitegemea hali yake. Zilizotobolewa zikavaliwa shingoni hushuka sana.

Kwa hiyo mdau mwenye bibi mwenye sanduku la zamani, ukiikuta usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Iache na uchafu wake, ipige picha pande zote mbili, ndipo uulize. Naenda kujisomea.