Mwenye Hesabu ya Akili

Kila aliyepita chuo cha ualimu ameisoma IQ. Aliyeibuni hesabu yake hatajwi sana, na maisha yake hayatajwi kabisa.

William Stern alizaliwa Berlin mwaka 1871, katika ukoo wa Kiyahudi, na kuanzia 1897 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Breslau. Wakati huo Alfred Binet wa Ufaransa alikuwa akitafuta njia ya kujua umri wa akili wa mtoto. Stern akaona kasoro. Mtoto wa miaka 4 aliyechelewa kwa miaka miwili hawezi kulinganishwa na wa miaka 12 aliyechelewa vivyo hivyo. Basi mwaka 1912 akashauri umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa: wa kwanza atapata 0.5, wa pili 0.83. Mmarekani Lewis Terman akazidisha kwa 100, na hesabu hiyo ikaenea duniani.

Stern mwenyewe alisisitiza kwamba namba moja haimwelezi mtu. Na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa maana yeye na mkewe Clara waliwafuatilia watoto wao watatu, Hilde, Günther na Eva, kwa miaka 18 hivi. Waliandika daftarini kila neno jipya, mchezo, hata vijiuongo vya kitoto. Mwandishi mkuu alikuwa Clara, jambo ambalo wasifu wa wanaume wasomi aghalabu hulisahau. Kitabu chao juu ya lugha ya watoto kilitoka mwaka 1907.

Mwaka 1916 alihamia Hamburg, na alikuwa miongoni mwa waliohangaikia kuanzishwa kwa chuo kikuu huko mwaka 1919. Mwaka 1933 Wanazi walimfukuza katika chuo hicho hicho. Kazi yake haikutazamwa. Kilichotazamwa ni ukoo. Msaidizi wake, Martha Muchow, ambaye hakuwa Myahudi, aliandamwa naye pia, akajiua mwezi Septemba mwaka ule ule. Utafiti wake juu ya watoto wa mitaa ya Hamburg ulichapishwa mwaka 1935, yeye hayupo.

Stern alipitia Uholanzi, akafika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, akafundisha kwa lugha ya ugenini mpaka alipofariki mwaka 1938, akiwa na miaka 66. Kitabu chake kikubwa cha mwisho, kinachomzungumzia mtu kwa ukamilifu wake, aliandika kwa Kijerumani. Kilichapishwa Uholanzi.