GARI LA NAKSHI

Gari la nakshi ni gari kuukuu, aghalabu lililokwisha kuliwa na kutu na kuachwa nyuma ya nyumba, ambalo mwenyewe ameazimia kulifufua, si kwa kulirudishia sura ya kiwandani, bali kwa kulivika rangi, maandishi na mapambo yatakayolipambanua na magari mengine yote yapitayo njiani. Makala haya yaeleza jinsi kazi hiyo ifanyikavyo katika nchi ya Meru, khasa pande za Kanyakine, mji mdogo wa Imenti Kusini ulioko kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, karibu na ikweta, katika nchi ya chai, kahawa na migomba.

Kupamba chombo cha safari ni desturi ya tangu dahari katika Afrika ya Mashariki. Mitepe (vyombo vya tanga) ya visiwa vya Lamu, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari wa chuma, ilichorwa macho kwenye omo, na mabaharia hawakuona kuwa pambo hilo ni jambo la ziada. Ng'ambo nako, malori ya Pakistani yanajulikana kwa wingi wa nakshi zake, na mji wa Houston, Marekani, umekuwa na gwaride la magari ya sanaa tangu mwaka 1988. Lakini chuo halisi cha fani hii nchini Kenya ni matatu, yaani gari dogo la abiria. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu kuchukua abiria bila ya leseni zilizotakiwa hapo awali, zilizidi kwa idadi, na ushindani wa kuwavuta abiria ukawazalia wachoraji kazi ambayo hakuna shule iliyoifundisha. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 1, 2004, zililazimisha mstari wa manjano kuizunguka kila matatu, na michoro ikafifia kwa miaka mingi. Takriban miaka kumi baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitamka hadharani kwamba vijana waachwe wachore, na brashi zikarudi kazini.

Watu husifu rangi na kumsahau fundi wa bodi, hali yeye ndiye mwenye nusu kubwa ya kazi. Kutu huzaliwa pale chuma, maji na hewa vikutanapo, na katika mteremko ule unaopata mvua za masika na za vuli, huku matope mekundu yakiganda chini ya gari na kuushika unyevu kwa siku nyingi, chuma hakipati wasaa wa kukauka. Ndiyo maana kutu huanzia mahali pasipoonekana: chini ya milango, kwenye kingo za matao ya magurudumu, na chini ya zulia la sakafu. Fundi mwenye ujuzi haamini macho yake peke yake. Huligonga bati polepole kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri, akisikiliza. Penye chuma kizima mlio ni mkali na wazi, na penye kuoza sauti hudidimia, naye hapo huchomeka ncha ya bisibisi, ikapenya kama ipenyavyo papai lililoiva.

Sehemu iliyooza hukatwa mpaka chuma kinachong'aa kionekane pande zote, kisha kiraka cha bati huchomelewa. Baadhi ya mafundi, kwa haraka au kwa kumwonea huruma mteja asiye na fedha, hulijaza tundu kwa fila na kuipiga msasa ikalainika. Kazi ya namna hiyo hupendeza siku ya kwanza, lakini mtikisiko wa barabara za vijijini huipasua, maji yakaingia, na nakshi yote iliyo juu yake ikabanduka vipande vipande. Fila ni ya kusawazisha bonde dogo tu. Baada ya msasa, gari hupakwa praima siku ile ile, kwa kuwa umande wa usiku mmoja watosha kuanzisha kutu upya. Chini ya gari wengi hupaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Ni kweli kwamba hukilinda chuma, ila hudondoka na kuiharibu ardhi, na katika nchi ya watu waishio kwa shamba jambo hilo si la kupuuzwa.

Ndipo ifikapo zamu ya mchoraji. Huchora kwanza kwa chaki, hufunika kwa karatasi na utepe mahali pasipotakiwa rangi, kisha hupuliza kwa kompresa, akianza na rangi hafifu na kuishia na zilizokoza. Herufi ndizo mtihani wake mkubwa: jina la gari, aya ya Biblia au neno la nasaha huhitaji kivuli cha upande mmoja ili lionekane limesimama. Wengi hunakili nyuso za wanamuziki na wachezaji wa ng'ambo waliozoeleka katika matatu za Nairobi. Kwa rai yetu, gari la Imenti lapendeza zaidi likichukua kilele cha mlima na majani mapana ya mgomba, vitu ambavyo mchoraji huviona kila asubuhi. Jua la ikweta hufubaza rangi nyekundu upesi, hivyo vanishi ya juu si anasa.

Sheria nayo ina sehemu yake. Rangi ya gari imeandikwa katika kitabu cha usajili, basi mabadiliko yapasa kuripotiwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama. Taa na vibao vya nambari haviguswi. Na gari la abiria halina ruhusa ya kuufunika mstari wa manjano.

Baada ya kila msimu wa mvua mwenye gari hulala chini yake na kuikagua mishono ya kuchomelea, kwa sababu kutu hurejea kwanza pale bati jipya lilipoungana na kuukuu.