Historia ya Marekani Ianzie kwa Waliogoma

Vitabu vingi vinavyowasimulia vijana historia ya Marekani huanza na Azimio la Uhuru la 1776, vikapita kwa Abraham Lincoln na kuishia kwa Martin Luther King. Mfuatano huo ni sahihi, lakini humwachia msomaji mdogo picha kwamba historia hutengenezwa na wakubwa, na kazi yake yeye ni kukariri. Mlango ulio bora zaidi uko Farmville, mji mdogo wa jimbo la Virginia. Shule ya sekondari ya Moton ilijengwa kwa wanafunzi Weusi wapatao 180, lakini kufikia 1951 ilikuwa na zaidi ya 450. Waliokosa nafasi walisomea katika mabanda ya karatasi ya lami, yaliyovuja mvua iliponyesha; aliyekaa karibu na jiko aliungua kwa joto, wa mbali akatetemeka. Tarehe 23 Aprili mwaka huo, mwalimu mkuu aliondolewa shuleni kwa simu ya uongo. Barbara Johns, msichana wa miaka 16, akasimama jukwaani, akawaomba walimu watoke, akawaongoza wenzake kugoma.

Oliver Hill na Spottswood Robinson, wanasheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, walikubali kuwatetea kwa sharti moja: wasidai jengo jipya tu, wadai kufutwa kwa ubaguzi wenyewe. Kesi yao ikawa miongoni mwa tano zilizounganishwa chini ya jina la Brown, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakaamua kwamba kutenganisha wanafunzi kwa rangi kunavunja Katiba. Wapo watakaosema kijana asiyeijua Katiba kwanza atapotea. Lakini ni hapa hasa atakapoielewa. Marekebisho ya 14, yaliyoahidi usawa mbele ya sheria, yalipitishwa mwaka 1868, baada ya vita vilivyokomesha utumwa. Akiuliza kwa nini ahadi hiyo ilichelewa miaka 86 kufika darasani, tayari ameanza kurudi nyuma kutafuta sababu, na huko ndiko kusoma historia.

Wengine wanahofu kwamba habari za ubaguzi ni nzito mno kwa watoto, hivyo heri kuishia kwenye ushindi. Ruby Bridges alikuwa na miaka 6 tu alipozomewa na umati akiingia shuleni New Orleans mwaka 1960. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuyasoma yaliyompata mtoto mdogo kuliko yeye. Tena, kuishia kwenye ushindi ni kupotosha. Kaunti ya Prince Edward, ilipo Farmville, ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964 ili isichanganye wanafunzi, na watoto wengi Weusi wakapoteza miaka hiyo ya masomo. Kijana akifichwa hilo, ataamini hukumu hujitekeleza yenyewe. Akielezwa, atajua kwamba haki iliyopatikana mahakamani bado huhitaji watu wa kuisimamia, na kwamba umri wake si sababu ya kutokuwa mmoja wao.