Michezo ya Baraza Katika Kisiwa cha Mombasa

Bao, karata, dama, dumna na keram ndiyo michezo ya kukaa ambayo Mji wa Kale wa Mombasa umeilea kwa muda mrefu. Kila mmoja una asili yake na umri wake, lakini yote ilikutana barazani, yaani kwenye viti vya mawe na chokaa vilivyojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, nje ya mlango. Baraza humwezesha mwenye nyumba kupokea wageni bila kuwapitisha ndani penye faragha ya familia. Katika mitaa ya Kibokoni, Kuze, Mkanyageni na Ndia Kuu, wanaume hukusanyika hapo baada ya sala ya alasiri na tena baada ya isha. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, habari za mji huzungumzwa, na katikati ya watu huwekwa ubao.

Bao ndilo kongwe kuliko yote. Michezo ya mashimo na mbegu ipo katika nchi nyingi: ya safu mbili imeenea Afrika Magharibi, Uhabeshi, nchi za Kiarabu na Asia ya Kusini. Ile ya safu nne ni mali ya Afrika Mashariki na Kusini. Omweso wa Uganda una mashimo 32 na mbegu 64, idadi ileile ya bao la Waswahili, na huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, safu za mashimo ya mchezo wa jamii ya bao zimechongwa juu ya mwamba. Mji wa Mombasa umepokea mengi kutoka ng'ambo, kuanzia vyombo vya kaure hadi baadhi ya mitindo ya nakshi za milango, lakini mchezo wake mkuu ni wa Afrika yenyewe.

Kete za bao ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe unaoota porini karibu na fukwe. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane na kete 32. Wanaojifunza hucheza kwa kutia kete mbili katika kila shimo, kisha wanaanza. Bao la Kiswahili lenyewe halianzi hivyo. Kila upande huweka kete kumi tu ubaoni: sita katika nyumba, ambalo ni shimo la mraba la safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayoifuata upande wa kulia. Kete 22 zinazobaki hushikwa mkononi na kuingizwa moja moja kwa kila zamu. Hatua hiyo huitwa namua. Mkono ukishakwisha, huanza hatua ya mtaji, ambapo wachezaji hutembeza kete zilizomo ubaoni peke yake.

Kanuni hiyo ya kete za mkononi inastahili kutazamwa kwa makini. Mchezo ambao kete zake zote zimepangwa tangu mwanzo huweza kukaririwa: mtu hujifunza mfululizo wa hatua za kwanza na kuurudia kila siku. Namua inaibana njia hiyo, kwa kuwa ubao unaendelea kupangwa wakati vita vimekwisha kuanza. Zaidi ya hayo, kete zilizoliwa hazitoki mchezoni. Anayekula huzichukua na kuzitawanya katika mashimo yake mwenyewe, akianzia kichwani (shimo la mwisho la safu ya mbele), na kete ya mwisho ikimpa nafasi ya kula tena, anaendelea. Kwa hiyo kete 64 zimo mchezoni tangu mwanzo hadi mwisho, na anayeonekana ameshindwa anaweza kugeuza mambo kwa zamu moja. Nyumba nayo ina haki yake: kete ya mwisho ya mlo ikiangukia humo, mwenyewe huchagua ama kulala, yaani kukomea hapo, ama kusafiri nayo. Anayeachwa bila kete katika safu ya mbele, au bila njia ya kucheza, amefungwa.

Leo mbunifu wa michezo ya mezani huandika kanuni zake, huwapa watu wazijaribu, huona penye udhaifu na kuzirekebisha, kisha huchapisha na kutia jina lake. Bao halina jina la mbunifu, lakini kazi hiyo ilifanyika. Sheria kama za nyumba, za kimbi (mashimo mawili ya kila mwisho wa safu ya mbele) na za kutakasia (kumzuia mpinzani asicheze shimo fulani) haziwezi kuzuka siku moja. Ni marekebisho ya watu waliocheza sana, wakaona mchezo unapolegea, wakakubaliana kuukaza. Fundi anayetazama ubao na kujua kete yake ya mwisho itaangukia wapi baada ya mizunguko kadhaa anafaidi kazi ya vizazi vya mabaraza.

Ushahidi wa mapema wa mchezo huu Mombasa umo katika ushairi. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyezaliwa mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840, alikuwa mshairi wa mji katika zama za utawala wa Wamazrui, wakati Mombasa ilipokuwa ikishindana na Seyyid Said, Sultani wa Omani, hadi ikaanguka mikononi mwake mwaka 1837. Miongoni mwa tungo zake limo shairi la bao, ambalo watafiti wa historia ya mchezo huu wamelichunguza kwa karibu. Tungo hizo zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmisionari W. E. Taylor, na mhariri William Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940. Ni jambo la maana kwamba bao limo katika kazi ya mshairi aliyetunga juu ya vita, siasa na njaa. Mchezo ulihesabiwa kuwa sehemu ya mazungumzo ya watu wazima.

Karata zilifuata njia nyingine. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakauteka na kuuchoma mji mara kadhaa katika karne ya 16, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na wakaishikilia hadi ilipoanguka kwa Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu. Utawala wao uliondoka, karata zikabaki. Kopa, uru, pau, shupaza na turufu yote ni majina yenye asili ya Kireno. Ushahidi mzito zaidi umo katika hesabu. Karata za picha huitwa mzungu wa pili, wa tatu na wa nne: malkia, mtumishi na mfalme. Katika sueca, mchezo unaopendwa Ureno mpaka leo, malkia ana pointi 2, mtumishi 3 na mfalme 4. Malkia kuwa chini ya mtumishi si jambo la kawaida katika karata za Kiingereza, na mpangilio huo ni alama ya ukoo.

Michezo mingine imeacha kumbukumbu chache. Keram ni mchezo wa Bara Hindi, nao ulipata wenyeji wengi katika mji ambao wafanyabiashara wa Kihindi, Mabohora miongoni mwao, walikuwa majirani wa Waswahili. Ubao wake una uwanja wa mraba wa sentimita 74, una kete tisa nyeupe, tisa nyeusi na malkia mmoja mwekundu, na hupakwa poda ili kete ziteleze. Dumna ina vipande 28, na wanne wakicheza kila mmoja huanza na saba. Dama ilikubalika kwa urahisi kwa sababu haihitaji gharama: kipande cha ubao kilichochorwa na vizibo vya soda vinatosha.

Dini nayo ilisaidia kuamua mchezo upi ukae barazani na upi ujifiche. Kamari ni haramu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani, sataranji isiyo na dau ni makuruhu, na michezo inayotegemea dadu imekatazwa. Bao halina dadu wala bahati ya kuchota, na ushindi wake ni wa akili tupu. Hiyo huenda ni sababu mojawapo ya kuheshimiwa kwake hata na wazee wa msikitini.

Mwaka wa michezo ulikwenda na kalenda mbili. Ya kwanza ni ya pepo. Majahazi ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuja na kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka, yakarudi kusi ilipoanza kuvuma. Katikati yake mabaharia walikaa miezi mjini, karibu na Bandari ya Zamani, wakiwa na nafasi ya kutosha ya kucheza na kufundishana. Bandari ya Kilindini ilipokua katika karne ya 20, msimu huo ulipungua nguvu. Kalenda ya pili ni ya mwezi, nayo ingali hai. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na popote inapoangukia ndipo michezo hushamiri: baada ya tarawehe keram, dumna na karata huchezwa hadi wakati wa daku.

Jina la Mombasa limeingia pia katika ubunifu wa kisasa wa michezo, lakini kwa mlango mwingine. Mwaka 2015 Alexander Pfister, mbunifu wa Austria, alitoa mchezo uitwao Mombasa, ambamo wachezaji hununua hisa za kampuni nne zenye makao Mombasa, Cairo, Saint-Louis na Cape Town, na kuzipanua juu ya ramani ya Afrika. Mwaka uliofuata ulishinda Deutscher Spiele Preis, tuzo kubwa ya michezo ya Ujerumani. Kampuni ya namna hiyo ilikuwepo kweli: Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, na Mombasa ilikuwa kituo kikuu cha shughuli zake. Ufundi wa mchezo huo ni wa hali ya juu, lakini Mombasa iliyomo ni ya mwenye hisa anayeitazama kutoka mbali. Mwaka 2022 ulitolewa upya kwa jina la Skymines, na uwanja wake ukahamishiwa mwezini.

Wakati huohuo, maduka ya vinyago huuza mbao ndogo za safu mbili, zinazokunjwa ili ziingie katika mkoba wa mgeni. Hizo si bao la Kiswahili. Ubao kamili wenye nyumba zake za mraba huagizwa kwa fundi anayeujua, na mashindano ya bao hufanyika Lamu katika tamasha lake la utamaduni.