Milango Iliyohama Nyumba: Ujenzi wa Vifaa Vikuukuu Kakamega

Zamani ukuta wa nyumba ya Kakamega ulikuwa bure. Udongo ulichimbwa papo hapo uani, nguzo na fito zikatoka msituni, majirani wakaja kukandika. Hata mlango ulisukwa kwa fito, ukaegemezwa mwingiloni usiku. Mlango wa mbao wenye fremu na bawaba ulipoingia, uliingia na bei yake. Ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza vya nyumba kununuliwa kwa fedha taslimu, na ndiyo maana ukawa kitu cha kuokolewa ukuta ulipochakaa. Ukuta hurudi udongoni, mlango ukahamia nyumba nyingine.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka uliofuata Waquaker watatu kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua misheni yao Kaimosi, ambayo leo iko kaunti jirani ya Vihiga. Waliiita misheni ya viwanda, na kweli viwanda vilikuwepo: msumeno wa kupasulia magogo uliendeshwa kwa nguvu za maji ya mto Goli Goli, na vijana wakafunzwa useremala na uashi. Mlango wa mbao za kusimama, zilizoshikwa nyuma na mbao za kulala na moja ya mshazari, ukawa mlango wa shule, wa kanisa, wa duka, kisha wa boma la mwenye mshahara. Asiyemudu mbao alipasua debe la mafuta ya taa, akalinyoosha kwa nyundo, akalipigilia kwenye fremu ya miti. Hilo nalo lilikuwa kuokoa kitu, na linastahili heshima ile ile.

Kisha ikaja dhahabu. L. A. Johnson, mlowezi Mmarekani, aliigundua mwaka 1931, na mara watafutaji wakafurika. Mwaka 1932 serikali ilirekebisha sheria ya ardhi ya wenyeji iliyokuwa imepitishwa miaka miwili tu kabla, ili ardhi itwaliwe kwa uchimbaji bila mwenyewe kupewa nyingine. Fidia ikawa fedha. Mgodi wa Rosterman uliendelea hadi 1952, na jina lake lingali mtaani Kakamega. Naamini vurugu ile iliwafunza watu jambo: anayeweza kuondolewa wakati wowote huthamini kile anachoweza kukibeba.

Thamani ya milango hiyo iko pia kwenye mbao zenyewe. Msitu wa Kakamega ulitoa Elgon tiki, mti mgumu na mzito, pamoja na mutere, mwepesi zaidi na rahisi kupasua. Mwaka 1985 sehemu ya kaskazini, ikiwemo Kisere yenye Elgon tiki nyingi, ikawa hifadhi ya taifa. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha kwa muda ukataji katika misitu yote ya umma. Leo anayejenga huuziwa zaidi saiprasi na blugamu, na blugamu isipokaushwa vizuri hujikunja na kupasuka. Mlango mkuukuu umekwisha kukauka miaka mingi. Kama ulikuwa wa kujikunja, ungekuwa umejikunja zamani.

Utazame kwa karibu. Kwa mvua ya Kakamega, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, mlango huanza kuoza chini, panaporukiwa na matone ya matope. Fundi hukata inchi kadhaa zilizooza, huunga kipande kipya, na huhamisha bawaba kidogo ili skrubu zisirudi kwenye matundu yaliyolegea. Dirisha kuukuu la chuma nalo hugongwagongwa kwa patasi hadi pati ngumu itoke, kioo kilichopasuka kibadilishwe, kutu isuguliwe kwa brashi na chuma kipakwe rangi. Mwenye busara hununua dirisha kabla ya kuchimba msingi, maana ukuta ndio utakaofuata kipimo cha dirisha. Katika nyumba ya udongo fremu husimamishwa kati ya nguzo kwanza, fito zikafuata, kisha matope. Ukuta ukikauka husinyaa na kuacha ufa pembeni mwa fremu, kwa hiyo fundi hurudi kukandika mara ya pili.

Pwani, mlango wa kuchongwa ulipata watetezi mapema. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inautaja mlango au fremu iliyochongwa kabla ya 1946 kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kuwa kitu kinacholindwa. Hilo ni jema kwa Lamu. Lakini mlango mtupu wa mbao, uliotengenezwa na fundi aliyefunzwa misheni, hauna nakshi, hivyo sheria haiuoni, ingawa umri wake unaweza kulingana na wa ule wa kuchongwa. Kila kanisa kongwe linapobomolewa lijengwe jipya, milango yake huuzwa au huchomwa kuni bila hata kupimwa. Makumbusho yetu yangeweza kuanza kwa kazi ndogo: kupiga picha, kupima, kutambua aina ya mti, na kumuuliza mwenye nyumba mlango wake ulitoka wapi.