Guta la umeme limechoka: Ubadili betri, uweke lithiamu au uliuze?

Asubuhi guta linatoka nyumbani na nguvu zote. Saa nane mchana, likiwa na magunia mawili ya mpunga, linaanza kuzubaa kwenye mchanga kabla hata ya kufika stesheni. Unashuka, unasukuma. Mwenye mzigo anaangalia saa.

Kwa mtu wa Goweko, kwenye Reli ya Kati wilayani Uyui, hilo si jambo dogo. Treni haimsubiri mtu, na mteja aliyekwama na wewe mara moja, safari ijayo anampigia mwenye bodaboda.

Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Fundi anasema betri zimekufa, nunua nyingine. Muuzaji anasema achana na hizo, weka lithiamu. Jirani anasema liuze kabla halijawa chuma chakavu. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi. Inategemea guta lako linafanya kazi siku ngapi kwa wiki.

Kwa kifupi

- Usinunue chochote kabla ya kupima betri moja moja.
- Guta la kazi ya kila siku lenye bodi nzima: lithiamu ina faida.
- Guta la siku za mnada tu: betri za kawaida zinatosha.
- Bodi imeoza, mota imeungua: usitupe pesa, uza.

Kwanza, jua ulichonacho

Maguta na bajaji nyingi za umeme za zamani hutumia betri za risasi na asidi, zile za maji au zile kavu, za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo. Nne zinakupa volti 48, tano volti 60, sita volti 72. Vigari vya umeme vya viwanja vya gofu na hotelini ni hivyohivyo, vingi ni vya volti 36 au 48, kwa hiyo hesabu hii inawafaa hata wenye navyo.

Soma lebo ya betri, tafuta namba yenye herufi Ah. Zidisha namba hiyo kwa volti za guta zima, kisha gawa kwa 1,000. Jibu ni uniti, zilezile unazonunua kwa LUKU.

Mfano: betri 5 za volti 12, kila moja Ah 100. Volti 60 mara 100 ni 6,000, yaani uniti 6. Lakini betri ya risasi ukiimaliza hadi mwisho kila siku inakufa haraka. Ukitaka idumu, tumia nusu tu. Kwa hiyo uniti zako za kazi ni 3.

Pima, usikisie

Mita ya fundi inatosha. Chaji hadi ijae, acha guta lipumzike saa kadhaa bila kuguswa, kisha pima kila betri peke yake. Ikionyesha kama volti 12.7, imejaa. Volti 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12, na umetoka kuchaji, hapo kuna tatizo.

Hatua ya pili ndiyo wengi wanaruka. Weka mzigo, endesha, na mwenzako apime guta likiwa linavuta. Kama betri nne zinabaki juu ya volti 11 na moja inaporomoka chini ya 10.5, umempata mchawi. Betri moja mbovu huvuta zote nne chini, kwa sababu umeme uleule unapita kwenye zote kwa mfululizo.

Je, ubadilishe hiyo moja tu? Ndiyo, kama nyingine bado ni changa, tuseme hazijamaliza mwaka. Zikiwa zimezeeka, mpya itachoka kwa kuwabeba wazee, na baada ya miezi michache unarudi dukani.

Usisahau vitu vya bei rahisi. Tairi zenye upepo mdogo, breki inayokwaruza na nati za betri zenye ukungu mweupe vinakula chaji kimyakimya. Jaza upepo, safisha nati, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa kwa zile za maji (siyo ya bomba wala ya kisima), halafu pima tena. Kuna maguta yanayopona hapohapo.

Njia ya kwanza: Betri mpya za risasi

Faida yake ni bei ya kuanzia, na kila fundi anazijua. Chaja na kontrola yako haviguswi.

Hasara ya kwanza ni uzito. Betri moja ya Ah 100 ina kama kilo 30. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mzigo wa kawaida wa mpagazi wa Kinyamwezi kwenye njia ya misafara ulikuwa hapohapo, kama kilo 30. Yaani guta lako linabeba mizigo ya wapagazi watano kabla hujapakia gunia hata moja.

Hasara ya pili ni tabia yake. Betri ya risasi haipendi kulala na njaa. Ukirudi jioni ikiwa tupu na umeme ukakatika hadi kesho, inaanza kuharibika ndani. Ikitokea mara nyingi, uwezo hupungua na haurudi.

Angalizo: usiuziwe betri ya gari ya kuwashia injini. Hiyo imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, siyo kuvuta mzigo kutwa. Uliza betri ya kazi ya kumalizwa chaji na kujazwa tena kila siku.

Njia ya pili: Lithiamu

Kwa kazi hii tafuta aina inayoandikwa LFP au LiFePO4 kwenye lebo. Unaweza kutumia kama asilimia 80 ya chaji yake bila kuiumiza, na nzuri hufikisha mizunguko 2,000 na zaidi ya kuchaji. Betri ya risasi ya kazi huishia kwenye mamia.

Haijali sana kuchajiwa nusu. Umeme ukirudi saa mbili tu usiku, unachukua ulichopata na kesho unaingia kazini. Kwa kijiji ambacho umeme hukatika, jambo hili lina thamani kuliko wanavyolitangaza wauzaji.

Halafu siri ya kuokoa pesa: usilinganishe Ah kwa Ah. Kama unahitaji uniti 3 kwa siku, huhitaji lithiamu ya Ah 100. Ya volti 60 na Ah 65 ina uniti 3.9, na asilimia 80 yake ni kama 3.1. Inatosha. Na kwenye uzito unaweza kuokoa kama kilo 100, karibu gunia zima la mahindi.

Lakini kabla ya kulipa, hakikisha haya manne:

1. Saketi ya ulinzi, ile mafundi wanaiita BMS. Ampea zake zisiwe chini ya ampea za juu za kontrola yako, la sivyo guta litakata moto mlimani.
2. Chaja. Nunua ya lithiamu ya volti hizohizo. Chaja ya zamani inaweza kusukuma volti au hatua za kuchaji zisizofaa.
3. Volti za juu. Betri ya lithiamu inayoitwa ya volti 60 au 64, yenye seli 20, ikijaa hufika 73. Soma kwenye kontrola kama inavumilia.
4. Fyuzi karibu na betri, na nyaya nzima. Lithiamu ikipigwa shoti hutoa umeme mwingi kwa mara moja.

Mshale wa chaji kwenye dashibodi nao utakudanganya. Volti za lithiamu hazishuki taratibu kama za risasi. Zinakaa palepale, kisha zinaanguka ghafla. Funga mita mpya.

Hesabu inayoamua

Bei hizi ni za mfano tu, weka za dukani kwako. Tuseme seti ya risasi ni Sh1,500,000 na inadumu mizunguko 400. Lithiamu ya Ah 65 pamoja na chaja ni Sh3,000,000, mizunguko 2,000. Bodi ya guta ina miaka mitatu mbele yake.

Guta la kila siku. Siku 300 kwa mwaka, siku 900 kwa miaka mitatu. Risasi: utanunua seti tatu, Sh4,500,000. Lithiamu: moja, Sh3,000,000, na itakuwa bado haijafika nusu ya umri wake. Lithiamu inashinda kwa Sh1,500,000.

Guta la mnada, mara mbili kwa wiki. Siku kama 100 kwa mwaka, 300 kwa miaka mitatu. Risasi: seti moja, Sh1,500,000, mradi hailali bila chaji. Lithiamu: Sh3,000,000. Risasi inashinda kwa kiasi kilekile.

Umeona? Guta ni lilelile, betri ni zilezile, jibu limegeuka kwa sababu ya ratiba. Anayekushauri bila kukuuliza unafanya kazi siku ngapi, anakuuzia.

Kama pesa ya lithiamu ni ya mkopo, jumlisha riba kwenye bei kabla ya kulinganisha. Inaweza kumeza faida yote.

Njia ya tatu: Uza

Achana na matengenezo kama chesisi imeoza au imechomelewa mara nyingi, mota imeungua, au vipuri vya modeli hiyo havipatikani Tabora mjini. Betri mpya kwenye bodi inayokufa ni kuvalisha kanzu mpya mtu anayehitaji hospitali.

Ila kuna nafuu: lithiamu haifi na bodi. Ukinunua guta jingine la volti zilezile, unaihamisha. Kwa hiyo ukiona bodi ina mwaka mmoja tu, chagua volti utakazoendelea nazo.

Na kama kuna anayekushawishi uongeze kasi kwa kontrola kubwa zaidi, muulize kwanza kuhusu breki. Guta lililotengenezwa kwa mwendo mdogo husimama kwa breki za mwendo mdogo.

Muulize muuzaji

- Dhamana ni ya muda gani, na imeandikwa?
- BMS ikifa, nani anaitengeneza hapa mkoani?
- Naweza kuipima kwa mzigo kabla ya kulipa?
- Seli ni mpya au za mtumba?

Akikwepa swali la mwisho, ondoka.

Betri za zamani zipeleke wapi?

Usizipasue, usimwage asidi, usiyeyushe risasi nyumbani. Risasi huingia mwilini kimyakimya na huharibu zaidi ubongo wa watoto. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipigania haki yao mahakamani kwa miaka, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Afya haikurudi kwa hundi.

Ziuze zikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali cha NEMC, au mwambie muuzaji azichukue na akupunguzie bei. Risasi iliyomo ndani ina thamani, usizitoe bure.

Zidumu muda mrefu

Joto linafupisha maisha ya betri, ya aina yoyote. Mwezi wa tisa na wa kumi, jua la Tabora likiwa kali, egesha kivulini. Miembe haikosekani. Chaji ya risasi ijaze siku hiyohiyo. Lithiamu usiiache tupu wiki nzima.

Na andika. Daftari moja: tarehe, mzigo, safari ngapi hadi nguvu zipungue. Guta litakalokuja kukusumbua tena litaanza kujieleza humo wiki kadhaa kabla hujashuka kulisukuma.