Chembe nyekundu ya damu

Chembe nyekundu ya damu ni seli inayosafirisha oksijeni kutoka mapafuni hadi kila pembe ya mwili. Mikrolita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya huwa na chembe milioni 4 hadi 6.

Umbo na muundo

Chini ya hadubini, chembe iliyokomaa ni duara lililobonyea katikati pande zote mbili, kama andazi lililominywa kwa vidole viwili. Ndiyo maana kwenye slaidi kitovu chake huonekana kimepauka. Kipenyo ni mikromita 7 hadi 8, na unene wa ukingoni kama 2. Haina kiini wala mitokondria. Kiini hutupwa ikiwa bado kwenye uboho, na masalia mengine huondolewa siku moja au mbili baada ya kuingia kwenye mzunguko wa damu. Kinachobaki ni utando uliofunga himoglobini, protini inayobeba oksijeni, molekuli zipatazo milioni 270, kila moja ikiwa na atomi 4 za chuma. Umaskini huu ni wa faida: nafasi karibu yote ni ya mzigo, na mchukuzi hali mzigo wenyewe, kwani hupata nishati kwa kuvunja glukosi pasipo oksijeni. Lakini hawezi kugawanyika wala kutengeneza protini mpya. Ndege, samaki na vyura hubaki na kiini. Chembe za ngamia hazina, ila zina umbo la yai.

Chini ya utando umetandazwa wavu wa protini, hasa spektrini, unaoiwezesha chembe kujikunja, kupenya mshipa mwembamba kuliko yenyewe, kisha kurudia umbo lake. Kwenye maji matupu huvimba ikapasuka. Kwenye maji yenye chumvi nyingi hunywea na kuota miiba.

Maisha

Huishi siku 120 hivi. Ikizeeka hukakamaa, ikanaswa kwenye bandama au ini. Chuma chake hutumika tena. Sehemu nyingine ya himoglobini hugeuka bilirubini, ambayo ikizidi humfanya mgonjwa awe na macho ya manjano.

Historia

Mwanasayansi Mholanzi Jan Swammerdam aliziona chembe hizi kwa chura mwaka 1658.

Selimundu

Kosa moja la kurithi kwenye himoglobini huifanya chembe ipinde kama mundu inapopungukiwa oksijeni. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wa Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba aliyerithi kosa hilo kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria.